Mwalimu Bado na Darasa la Stoo

Siku matokeo ya mtihani wa taifa yalipobandikwa, mkuu wa shule aliitisha kikao kabla hajamaliza kunywa chai yake, na hilo peke yake liliwatosha walimu kujua kwamba mambo yameharibika. Aliingia amevaa ile tai nyekundu anayoivaa siku za misiba na siku za wageni. Akaketi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Hisabati," akasema.

Macho yote yakahamia dirishani. Hapo ndipo alipozoea kukaa mwalimu wa hisabati, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, ambaye gauni lake halikuwahi kukosa vumbi la chaki hata siku za likizo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Bado, na walimu wenzake wakalidaka jina hilo mpaka la kwake mwenyewe likabaki kwenye makaratasi ya serikali tu. Sababu ilikuwa moja. Tangu aanze kazi, hajawahi kumwambia mtoto kwamba amekosa. Aliyekosa kidogo aliambiwa "bado kidogo". Aliyekosa sana aliambiwa "bado, lakini umekaribia". Na aliyerudisha karatasi nyeupe pee, kama ilivyotoka kiwandani, aliambiwa "bado, lakini angalau hukuandika uongo".

"Darasa zima," mkuu akaendelea, "amefaulu mwanafunzi mmoja."

"Si haba," akasema Mwalimu Bado.

"Huyo mmoja alihamia hapa mwezi mmoja kabla ya mtihani!"

Mwalimu Bado akafikiri kidogo. "Basi tushukuru, Mkuu. Hatukumharibu."

Mwalimu wa jiografia alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni. Lakini mwenyewe Bado hakuwa anatania. Alikuwa amesema kwa moyo mweupe, kama anavyosema mambo yake yote, na hilo ndilo lililomuudhi mkuu kupita kiasi. Mtu akikutania, unaweza kumwandikia barua ya onyo. Mtu akiwa na matumaini utamfanya nini?

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara. Jioni yeye alishona na mkewe akasahihisha, cherehani ikilia upande huu, kalamu nyekundu ikikuna upande ule.

"Sikiliza hili," mwalimu akasema jioni moja. "Mtoto ana miaka kumi na miwili. Umri wa baba yake ni mara tatu ya umri wake. Baba ana miaka mingapi? Kijana kaandika minne."

Fundi akasimamisha cherehani. "Baba ana miaka minne?"

"Kagawanya badala ya kuzidisha. Lakini angalia, kagawanya sawasawa! Kumi na mbili kwa tatu ni nne. Kuna watu hawajui hata hilo."

"Mke wangu, huyo mtoto kamzidi baba yake miaka minane."

"Ndiyo maana nimempa alama moja, sikumpa mbili."

Fundi akatikisa kichwa na kuendelea kushona. Alimpenda mkewe. Ila kuna nyakati alishukuru kwamba hakusomea udaktari.

Kijana huyo mwenye baba wa miaka minne alijulikana shuleni kwa jina la Wakili, kwa sababu hakuna kosa alilokubali bila kesi. Karatasi iliporudishwa alisimama na kuuliza, "Mwalimu, kwani swali limesema ni baba wa kumzaa?" Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu Bado akamsifu kwa kusoma swali kwa makini.

Wiki mbili baada ya kikao kile, mkuu wa shule alikuja na Mkakati wa Kupaisha Ufaulu. Bango lake lilichapishwa kwanza, mkakati wenyewe ukafikiriwa baadaye. Uliposomwa mbele ya walimu, ulikuwa mfupi na mwepesi kueleweka: wanafunzi dhaifu wa darasa la mwisho wasifanye mtihani wa hisabati. Wazazi waitwe mmoja mmoja, waelezwe kwa upole kwamba watoto wao wana vipaji vingine.

"Vipaji gani, Mkuu?" akauliza Mwalimu Bado.

"Vingine."

"Lakini hawa watoto wanataka kufanya mtihani."

"Mwalimu, hebu tuwe wakweli. Wakifanya, wastani wa shule unashuka. Wasipofanya, unapanda. Hiyo ni hisabati, na wewe ndiye mwalimu wake, sijui kwa nini ninakufundisha."

"Kwani watoto wanaletwa shuleni kufanya nini?"

"Kupandisha wastani," akajibu mkuu bila hata kupepesa jicho.

Hapo Mwalimu Bado, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona amepandisha sauti, akasimama. Alisema hatamwita mzazi yeyote kumdanganya. Alisema kama watoto hao ni mzigo, basi atwikwe yeye. Mkuu akatabasamu. Ni kama alikuwa akingoja neno hilo hilo. Kabla ya mchana, darasa la mwisho lilikuwa limekatwa mapande mawili. Wale wenye alama zinazoonekana kwa macho waliitwa Darasa la Dhahabu, wakapewa chumba chenye feni na mwalimu kijana mwenye mashine ya kurusha picha ukutani. Mkuu mwenyewe aliahidi kuingia humo kila asubuhi kuwafundisha saikolojia ya ushindi. Waliobaki waliitwa Darasa la Matumaini, wakakabidhiwa Mwalimu Bado na ufunguo wa stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya vyoo. Ndani mlikuwa na madawati ya miguu mitatu, wavu wa goli uliotobokatoboka, na rundo la mabango ya miaka iliyopita: MWAKA WA UFAULU, MWAKA WA UFAULU ZAIDI, MWAKA WA UFAULU MKUBWA KULIKO WOTE. Wanafunzi waliyatundika dirishani kuzuia jua. Kazi hiyo yaliiweza vizuri, pengine kuliko ile yaliyotengenezewa.

"Karibuni," Mwalimu Bado akasema siku ya kwanza, akipangusa vumbi kwenye ubao uliopasuka. "Hapa hakuna dhaifu. Nyote mmekaribia."

Na akaanza kazi, kwa nguvu zake zote. Alitafuta kila mlango wa kuingilia vichwani mwao. Asilimia ziliwashinda mwezi mzima, mpaka ilipofika zamu ya msichana mmoja mrefu aliyeitwa Chaji, kwa kuwa shangazi yake alikuwa na kibanda cha kuchajisha simu na yeye alishinda hapo kila akitoka shuleni.

"Simu ikiwa imejaa ina asilimia ngapi?" mwalimu akamuuliza.

"Mia."

"Ukiitumia ikala asilimia thelathini?"

"Inabaki sabini. Mteja akija nayo namwambia aende, bado inadunda."

Mwalimu Bado nusura aruke. Kwa siku kadhaa stoo nzima iliongea lugha ya betri, na asilimia zikaingia. Kwenye zoezi la wiki iliyofuata aliuliza kuhusu mfugaji aliyeuza asilimia kumi na tano ya kondoo wake. Wamebaki asilimia ngapi? Chaji akaandika: "Themanini na tano. Hakuna haja ya kuchaji." Akapata alama zote, na mwalimu akaibeba karatasi ile mpaka chumba cha walimu kuwaonyesha wenzake, ambao walikuwa wakiitumia stoo kama mfano wa jambo lolote lililooza.

Basi ulipofika mtihani wa majaribio, alikuwa na imani ya kutosha kugawia shule nzima na ikabaki. Alisahihisha usiku, na fundi akasikia kalamu nyekundu ikikuna, ikikuna, halafu ikanyamaza.

Hakufaulu hata mmoja.

Asubuhi alisimama mbele ya stoo, karatasi kifuani, akajikaza kisabuni. "Wanangu, tumekaribia sana," akaanza. Wakili alikuwa tayari amesimama kukata rufaa. Lakini kabla hajafungua kinywa, mkono ukainuka nyuma kabisa, karibu na wavu wa goli. Ulikuwa wa msichana waliyemwita Kimya, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa amesema "nipo" wakati wa kuitwa majina, na basi.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, binti yangu."

"Mwaka jana uliniambia nimekaribia. Muhula uliopita pia. Leo tena." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. "Ukituambia hivyo siku zote, tutajuaje tukifika? Wewe unatuamini, Mwalimu, au unatuhurumia?"

Hakuuliza kwa ufidhuli. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.  Mwalimu Bado akatazama karatasi, akatazama ubao. Akasema kipindi kimekwisha, na kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Fundi alikuwa anapinda suruali ya mteja, midomo imejaa pini.

"Baba watoto," akasema kutoka mlangoni, "niambie ukweli. Mimi ni mwalimu mzuri?"

Neno moja likapita katikati ya pini.

"Umesema nini?"

Fundi akazitoa pini moja moja, taratibu, akizichoma kwenye mto wake mdogo, kama mtu anayetafuta muda. "Nimesema una roho nzuri."

"Hukusema hivyo."

"Ah, mke wangu…"

"Ulisema bado."

Fundi akainamia suruali. Mwalimu akaketi kwenye stuli ya wateja na kuanza kucheka, cheko la ajabu lililomtoa machozi, na mumewe akashindwa kujua amchekee au ambembeleze. Alipomaliza alijifuta kwa kipande cha bitana kilichokuwa karibu. "Miaka yote hii," akasema. "Nilidhani nikiwaambia wamekosa watavunjika. Kumbe nilikuwa naogopa nitavunjika mimi."

Kesho yake aliingia stoo bila salamu ndefu. Akamwita Wakili ubaoni, akampa swali la umri. Wakili akaandika, akarudi nyuma hatua moja, akalitazama jibu lake kwa mapenzi.

"Umekosa," akasema Mwalimu Bado.

Stoo nzima ikapigwa na butwaa. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. Ilikuwa kama kumsikia akitukana.

"Mwalimu," Wakili akasema polepole, "umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Umekosa mstari wa pili, na hukai mpaka uniambie kwa nini. Na usiniletee habari za baba wa kumzaa na wa kufikia."

Wakili alisimama pale kipindi kizima, akajitetea, akabishana, akapaka chaki hadi kwenye nyusi. Mwisho akakiona. "Nimetoa mahali pa kujumlisha," akanong'ona, kwa sauti ya mtuhumiwa aliyechoka kukana. Mwalimu akampa chaki mpya. Wiki ile alisema "umekosa" mara nyingi kuliko alivyokuwa amepumua, na kila aliposema alibaki hapo hapo, hakuondoka mpaka kosa lifukuliwe na mizizi yake. Baadhi walinuna. Mmoja aliomba ahamishiwe Darasa la Dhahabu, akajibiwa na mkuu kwamba dhahabu haihamiwi. Lakini baada ya muda neno lenyewe likapoteza makali, likawa kama kusema "kamba ya kiatu imefunguka". Walianza kuambiana wao kwa wao. Na siku moja mwalimu mwenyewe alipoandika nane mahali pa sita, Kimya akainua mkono na kusema, "Umekosa, Mwalimu," na stoo ikashangilia kama vile ule wavu uliotoboka umefungwa goli.

Upande wa pili wa uwanja, Darasa la Dhahabu nalo halikulala. Kila asubuhi walisimama na kupaza sauti, "Sisi ni washindi!" mara tano, mkuu akiwaongoza kwa mikono. Mashine ya kurusha picha ilisubiri umeme, umeme uliporudi ikasubiri waya, waya ulipopatikana mwalimu kijana alikuwa semina. Vitabu walivyokuwa navyo havikufunguliwa sana, maana mshindi, mkuu aliwaeleza, huuona ushindi kichwani kwanza.

Mtihani wa taifa ukaja, ukapita. Matokeo yakatoka.

Darasa la Dhahabu walifaulu, wachache wao. Idadi yao ilikuwa ndogo kuliko idadi ya fulana zilizokwisha kushonwa kwa ajili ya sherehe, na fundi ndiye aliyebaki nazo. Katika stoo, theluthi moja walifaulu. Chaji alifaulu kwa alama ambazo shangazi yake alizitangazia kila mteja aliyeleta simu. Wakili alifaulu kwa kuponea chupuchupu, na siku hiyo hiyo akaanza kuuliza ofisi gani inapokea malalamiko ya kuonewa. Wengi hawakufaulu. Jina la Kimya lilikuwa kati ya hao wengi, na Mwalimu Bado alilisoma mara tatu pale ukutani akisubiri libadilike.

Lakini wastani wa shule ulikuwa umepanda. Kidogo, ila ulikuwa umepanda, na wastani ukipanda hakuna anayeuliza nani aliusukuma. Mkuu alivaa tai ya bluu. Afisa elimu akaja na gari, na mpiga picha, na mtu wa kushika mwavuli, akataka kuonyeshwa siri ya mafanikio. Alipofikishwa nyuma ya vyoo alisimama mlangoni mwa stoo akiwa ameziba pua kwa heshima.

"Kwa hiyo ni hapa," akasema kwa mshangao. "Mwalimu, hebu tueleze. Mbinu ni ipi?"

"Walikosa, nikawaambia wamekosa," akajibu Mwalimu Bado. "Halafu nikakaa nao."

Afisa akaandika. Kisha akatazama kuta, madawati ya miguu mitatu, mabango dirishani. "Na ukubwa wa chumba? Kuna mtu amepima?"

Hakuna aliyepima, kwa hiyo kikapimwa. Mwezi uliofuata waraka ukafika kwenye shule zote za wilaya: kila shule itenge stoo kwa ajili ya wanafunzi wenye mahitaji ya hisabati, kwa kuwa imebainika kwamba mazingira finyu huongeza umakini. Shule isiyo na stoo ijenge. Shule moja iliyokuwa na maktaba nzuri ilihamisha vitabu ikaigeuza stoo, ikapongezwa. Mkuu wa shule alipandishwa cheo kuwa Mratibu wa Madarasa ya Stoo, akapewa ofisi kubwa yenye madirisha manne. Kwenye sherehe ya kumuaga, Mwalimu Bado alipangiwa kumkabidhi shada la maua, akamkabidhi, na kwenye picha iliyotundikwa ofisini kiwiko chake kinaonekana vizuri.

Yeye akili yake haikuwa kwenye picha. Jioni ya siku ile ya matokeo alikuwa ameshakwenda nyumbani kwa kina Kimya, akamkuta binti anafua uani, mikono imejaa povu, macho yana wekundu usiotokana na sabuni. Mama yake alileta kiti, akawaacha.

"Nimekuaibisha, Mwalimu," Kimya akasema.

"Hukuniaibisha. Umeshindwa swali la pembe na maswali mawili ya grafu. Nimeyapitia upya majibu uliyoniandikia ulipotoka mtihanini. Hayo ndiyo yaliyokuangusha, si kingine."

"Nyumbani wanasema niache."

"Na wewe unasemaje?"

Kimya akakamua shati, akalikung'uta, akalianika. Kisha akaanika la pili. Mwalimu hakumharakisha.

"Pembe sijawahi kuzielewa," hatimaye akasema. "Nilikuwa naandika tu."

"Basi Jumamosi uje kwangu tuanze na pembe."

Alikuja Jumamosi hiyo, na zilizofuata. Fundi aliwapisha upande mmoja wa meza ya kukatia vitambaa, akinung'unika kwamba karakana imegeuzwa chuo kikuu, huku akiwawashia taa mapema kuliko kawaida yake. Pembe zilichukua miezi. Kuna siku binti aliondoka amenuna bila kuaga, na kuna siku mwalimu mwenyewe alipandwa na hasira akatupa rula chini ya cherehani. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa koti alisimama akisikiliza habari za pembetatu mpaka akasahau kutaja urefu wa mikono.

Kimya alirudia mtihani mwaka uliofuata, kama mtahiniwa wa nje, jina lake halikuingia kwenye wastani wa shule yoyote. Siku ya matokeo alifika karakana anahema. Fundi alimtazama usoni mara moja tu, akatupa mkasi, akamshika mkono na kumtoa nje. "Kimbia," akasema. "Yuko shule. Usinihadithie mimi, nitaharibu koti la watu."

Mwalimu Bado alikuwa na darasa jipya mle stoo, chaki mkononi, alipomwona binti mlangoni.  Kimya aliitikia kwa kichwa tu, mara moja: amefaulu.

"Haya," mwalimu akasema. "Ngoja nimalize swali hili."

Akageukia ubao. Wanafunzi wapya wakamwona akiandika namba, akiifuta kwa kiganja, akiiandika tena ileile, na tena, na hakugeuka kuwatazama kwa muda mrefu.